Kadi Zenye Pete Mbili

Kahororo, Jumamosi 30 Novemba

Daftari hili lilikuwa la Baiolojia. Kurasa za mbele zina moyo na figo, za nyuma ni zangu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne tulifanya jana, kwa hiyo hakuna mwalimu atakayelikusanya tena.

NIMECHAGULIWA! Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kwa mdomo siwezi kupiga kelele. Barua pepe imekuja kwa Kiingereza na nimeisoma mara sita. Shirika la Mkono kwa Mgeni wamekubali nikajitolee kwa miezi mitatu kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma, kuanzia tarehe 6 Januari. Nitawasomea watoto hadithi na kusaidia kwenye banda la akina mama. Mimi Joyness, ambaye darasani nilikuwa najua jibu nikanyamaza mpaka mwingine akalikosea!

Tatizo liko chini ya barua. Nauli, bima, godoro na chakula ni juu ya mwenye kujitolea. Laki nne na nusu, kabla ya tarehe 20 Desemba. Mama aliposaini fomu alisema, "Ruhusa ninayo, hela sina." Leo asubuhi ameondoka kwenda Mwanza kumuuguza mama mkubwa. Tumebaki wawili, mimi na kaka Datius, ambaye anaendesha bodaboda Kashai, hapa Bukoba, na kuongea kwa niaba ya watu watatu.

Mvua tangu saa nane. Ni msimu wa senene, wale panzi tunaowakaanga. Senene bado.

Jumapili 1 Desemba

Nilipanga baada ya ibada nimfuate mchungaji nimweleze. Nilisimama nyuma ya mstari wa watu wanaomsalimia. Nilipofika mbele nikampa mkono, nikasema, "Bwana asifiwe," nikaenda nyumbani.

Bibi hajui habari hizi. Bibi Adventina ni mama yake marehemu baba, anaishi Rubya, kule Muleba, kwenye kibanja chake cha migomba. Mwaka juzi tukiwa kwake televisheni ilionyesha mahema ya wakimbizi. Aliinuka, akachukua jembe, akaenda kupalilia migomba huku mvua inanyesha. Nadhani hawapendi. Sitamwambia mpaka nikiwa na tiketi mkononi.

Jumatatu 2 Desemba

NIMEPATA WAZO. Kadi za michango! Harusini watu hawasimami mbele ya mtu kuomba. Kadi inaenda, bahasha inarudi. Kadi haina aibu.

Nimeandika maneno yake kwa Kiingereza. Nitasema ukweli hapa maana hapa hakuna mtu. Nilianza kwa Kiswahili, na kila sentensi ilikuwa inasema "naomba", na kila nikilisoma lile neno masikio yanapata moto. Kwa Kiingereza sentensi zilikuwa haziombi, zilikuwa zinaeleza tu. Datius akasoma akacheka: "Nshomile wetu huyo! Unaomba hela Kashai kwa lugha ya Malkia?" Ndivyo wanavyotutania Wahaya, eti tumesoma sana.

Jumanne 3 Desemba

Nimekwenda steshenari ya Apolinary pale Kashai. Nikampa maneno kwenye simu, nikasubiri chini ya turubai maana mvua ilikuwa ya kamba. Akanitolea kadi hamsini. Karatasi nzito, kingo za dhahabu, maandishi mazuri ya kulala. Na kwenye kona ya juu, pete mbili zimeshikana, na njiwa.

"Zilibaki kwenye oda ya harusi ya mtu," akasema. "Karatasi nyeupe zimeniishia. Hizi nimekupunguzia bei, dada. Si zinapendeza?"

Nilifungua mdomo niseme kwamba hapana, haziwezi kufaa. Nikasema, "Asante."

Labda hakuna atakayeangalia kona.

Jumatano 4 Desemba

Nimegawa kadi zote. Njia yangu: naweka kwenye meza ya duka, nasema "nimeleta", natoka haraka. Ishirini nimempa Datius agawe kijiweni kwao na amwachie dereva wa gari la Muleba zile za ndugu wa Rubya, isipokuwa Bibi.

Senene bado. Watu wanaangalia mbingu kama wanasubiri mgeni wa serikali.

Ijumaa 6 Desemba

HELA ZINAINGIA! Mama Georgina wa duka la vitenge amenipa elfu hamsini! Elfu hamsini, mtu ambaye kwa mita ya kitambaa hapunguzi hata mia! Akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. "Hongera mwanangu. Ulivyo mkimya, kumbe!" Nikasema asante. "Na siku yenyewe usinisahau." Nikasema siwezi kumsahau.

Sikujua kwamba watu wa Kashai wanajali wakimbizi kiasi hiki. Nilikuwa nawafikiria vibaya. Usiku wa leo nitawaombea.

Jumamosi 7 Desemba

Jumla laki mbili na themanini! Nimeruka ruka chumbani mpaka Datius akagonga ukuta. Muuza mkaa amenikonyeza na kusema, "Usikubali kupikia kuni huko, mwambie anunue gesi." Nimejibu kwamba shirika limeshapanga. Akacheka sana.

Jumapili 8 Desemba

Mvua. Laki tatu na kumi. Senene bado.

Jumatatu 9 Desemba

Sina mahali pa kuweka uso wangu isipokuwa humu.

Mama Georgina aliniita dukani. Alikuwa ametandaza vitenge vitatu juu ya meza, na wanawake wanne wamekaa wanachagua. "Bibi harusi mwenyewe amekuja, tumuulize yeye. Sare ya kichenpati iwe rangi gani?"

Kwanza nilidhani kuna bibi harusi nyuma yangu. Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Ndipo nikaona kadi yangu imebandikwa ukutani pembeni ya kalenda, pete zake mbili zinang'aa. Hakuna aliyesoma Kiingereza changu. Walisoma kona. Wanawake watano wananitazama kwa upendo, na mimi natakiwa kusema sentensi moja tu, ya Kiswahili chepesi: siolewi.

Nikasema, "Ya kijani."

YA KIJANI! Nimechagua sare ya kichenpati ya harusi isiyokuwepo!

Nilipomwambia Datius alianguka kwenye kochi kwa kicheko, halafu akakaa wima ghafla. Nikamuuliza, "Nini?"

"Joy, usinipige. Kijiweni waliniuliza shemeji ni nani. Nilidhani wanatania, na mimi nikatania. Nikasema ni mtu wa Kigoma, yuko kambini huko, ana cheo."

Ndiyo maana kila mtu anajua. Kwa siku tano Bukoba nzima imekuwa ikinichangia niolewe na afisa wa Kigoma.

Jumanne 10 Desemba

Bibi amepiga simu. Mvua ilikuwa kubwa huku na huko, sauti ikija na kupotea.

"Mwana wange, unaolewa unanificha mimi? Mpaka niambiwe na watu njiani natoka misa?"

"Bibi, mimi..."

"Sijakasirika. Ukimya wako naujua. Jumamosi hii nimewaita wazee. Ndizi za rubisi nimeshakamua, pombe inachachuka. Mlete huyo mkwe, au amtume mshenga. Sauti inakatika. Umenisikia?"

"Ndiyo, Bibi."

Kwa nini mdomo wangu unajua maneno mawili tu?

Jumatano 11 Desemba

Sikula. Datius amekula sahani zote mbili.

Alhamisi 12 Desemba

Nimeanza na Mama Georgina. Niliandika kila kitu kwenye karatasi, kwa Kiswahili, nikampa pamoja na bahasha yake ya elfu hamsini, nikageuka niondoke. Akasema, "Simama hapo." Akavaa miwani. Akasoma mpaka mwisho, polepole, midomo inacheza. Kisha akanirudishia karatasi.

"Umeandika vizuri. Sasa nisomee."

"Umeshasoma, mama."

"Nimesoma. Sijasikia."

Nikasoma. Sauti ilitoka kama ya mbu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya pili neno "naomba" lilipita bila kuniunguza sana. Nilipomaliza akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge cha kijani, ambacho alikuwa ameshakata.

"Sikiliza mwanangu, nikwambie ukweli kama na wewe ulivyoniambia. Harusi ningetoa hamsini, maana na mimi nina binti, zingenirudia. Wakimbizi natoa ishirini. Hawa hawatanirudishia, naitoa kwa moyo. Nipe thelathini yangu."

Nikampa. Sijawahi kurudisha hela kwa furaha namna ile! Nimekwenda kwa watu kumi na moja, na kila mmoja nimemsomea. Wawili wamechukua zao zote. Muuza mkaa ameongeza elfu mbili kwa sababu nimemchekesha. Zimebaki laki moja na themanini, lakini hizi zinajua zinakokwenda.

Bado Bibi. Kwa Bibi siwezi kupeleka karatasi.

Rubya, Jumamosi 14 Desemba

Nitaandika mpaka kalamu iishe.

Senene WAMEKUJA. Tulipofika Rubya asubuhi na pikipiki, majani yote ya kando ya barabara yalikuwa ya kijani kinachotembea. Wanawake na watoto walikuwa wameinama na ndoo, wanawaokota kabla jua halijawapasha moto wakaruka. Hakuna aliyetusalimia vizuri, maana siku ya senene salamu inasubiri. Datius alisimamisha pikipiki akajaza mfuko wa koti. Mimi nilibaki nimeshika bahasha.

Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na watu kama ishirini na tano. Majani mapya ya kukalia yametandazwa sebuleni. Mkungu mkubwa wa ndizi umesimamishwa mlangoni. Kibuyu cha rubisi kiko pembeni. Bibi amevaa gauni lake la Pasaka. Na Babu Mutembei, mdogo wake marehemu babu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, amevaa koti ambalo lilikuwa bado na mkunjo wa dukani.

Babu Mutembei akakohoa, akaamkia kwa Kihaya. "Kasinge waitu. Tumekaa, tumenyamaza, tunatazama barabara. Mkwe tunamwona?"

Nilimtazama Datius. Kaka yangu mwenye maneno ya watu watatu hakuwa na hata la mtu mmoja. Alikuwa anatazama senene wanaotoka mfukoni mwake mmoja mmoja.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Wazee wangu, shikamooni. Bwana harusi hayupo."

"Amechelewa?" akauliza mtu.

"Hajawahi kuwepo."

Mvua ilikuwa haijaanza, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kunificha sauti. Nikawaambia yote, kwamba kadi zilikuwa za kuomba michango ili nikajitolee kwenye kambi ya wakimbizi, kwamba niliziandika kwa Kiingereza kwa sababu naona haya kuomba, kwamba niliona zile pete nikasema asante, kwamba watu waliponipongeza nikasema asante, kwamba Bibi aliponipigia simu nikasema ndiyo. "Kosa ni langu peke yangu. Bahasha za Rubya zote ninazo hapa, zina majina. Anayetaka yake aje achukue, sitakasirika. Atakayeiacha, naomba aiache akijua ni ya wakimbizi."

Wa kwanza akawa Babu Mutembei: "Mimi nimenunua koti!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kwa hiyo unaolewa na kambi? Mahari yake ni nini, mahema? Watu wazima tumeacha senene shambani tumekuja kupokea mkwe, tunaambiwa mkwe ni kazi ya bure Kigoma! Nipe bahasha yangu."

Nikampa. Wengine watatu wakaja kuchukua zao.

Bibi akainuka akaingia ndani. Nikajua amekwenda kuchukua jembe. Nilisubiri kumwona akipita mlango wa nyuma kuelekea kwenye migomba, nikasema moyoni, kambi basi, ibaki, nikamwombe radhi.

Akarudi na kile kikapu kidogo chenye kifuniko, cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo tunampa mgeni atafune. Akakaa katikati ya watu. Akakiweka mapajani.

"Koti utalivaa Krismasi, Mutembei," akasema. "Sasa nyamaza."

Akanitazama mimi.

"Novemba ya mwaka sabini na nane nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwetu ni ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Mutukula, hilo unalijua. Hukuwahi kuniuliza nilifikaje hapa. Askari walivuka mpaka asubuhi. Mama aliniwekea mdogo wangu Philbert mgongoni akasema tangulia. Tukavuka daraja la Kyaka likiwa bado limesimama. Siku sita, kwa miguu na juu ya lori la ndizi. Kila mji tulipofika watu walikuwa wanasema, wakimbizi hao wanapita. Mimi! Ndani ya nchi yangu!"

Babu Mutembei alikuwa ameacha kushikashika koti.

"Siku ya sita nilisimama mlango huu hapa. Senene walikuwa wamejaa kama leo. Nimechafuka, nanuka, mtoto analia. Akatoka mama mwenye nyumba, Jovita, Mungu amrehemu. Nikajiandaa kuulizwa ni nani na ninataka nini. Hakuuliza. Alinikalisha kwenye majani mapya, akanifungulia kikapu hiki, akasema, tafuna. Akamwani! Kitu anachopewa mgeni wa heshima, aliyekuja kuposa, nikapewa mimi. Nikatafuna nikilia. Nilipomaliza ndipo akasema, haya mwanangu, sasa unaitwa nani?"

"Ulilala kwenye kitanda changu," akasema Babu Mutembei kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na miaka minane. Mama alinilaza chini. Nilikukasirikia wiki nzima."

"Ulinikasirikia mpaka nilipoolewa na kaka yako."

Watu wakacheka, taratibu. Bibi akanigeukia tena. "Nikiona mahema yale kwenye televisheni, mgongo wangu unamhisi Philbert. Siwezi kukaa. Ndiyo maana naenda kulima." Na mimi nilidhani hawapendi! Philbert mwenyewe ni yule babu anayetuletea maharage kila Krismasi, na kumbe alifika Rubya amebebwa.

Kisha Bibi akasimama, akaupiga mkungu wa mlangoni kwa kiganja. "Rubisi imeshaiva, watu wameshakaa. Shughuli haifi. Nauza mkungu huu, hela ziende Kigoma. Nani anaanza?"

"Elfu kumi!" Datius akapiga kelele, amepata mdomo wake.

"Kumi na tano," mama mmoja akasema.

Babu Mutembei akaingiza mkono kwenye koti jipya, akatoa ile bahasha yangu, ile ile, akairusha kwenye majani. "Elfu thelathini. Mkungu ni wangu." Akapokea makofi. Akautazama mkungu. "Lakini nikiubeba utanichafulia koti. Nimeurudisha. Uzeni tena!"

Mkungu mmoja tumeuuza mara tano, kila mara kwa bei ya juu zaidi, na jioni tukaula na senene. Laki nne na sabini! Nimeipita laki nne na nusu!

Jumapili 15 Desemba

Kalamu nyingine. Bado siamini.

Kahororo, Ijumaa 20 Desemba

Nimetuma. Wamejibu kwa Kiingereza, nimewaandikia kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiswahili. Elfu ishirini iliyozidi tumenunua vitabu vya hadithi. Apolinary amenipa karatasi nyeupe bure.

Jumatano 25 Desemba

Mama amerudi toka Mwanza. Datius amemsimulia yote, na kila akisimulia afisa wa Kigoma anapandishwa cheo. Babu Philbert ameleta maharage. Nimemwangalia sana mpaka akauliza kama ana kitu usoni.

Jumamosi 4 Januari

Naondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama Georgina amenishonea gauni. La kijani. Bibi ametuma kikapu, kile cha Jovita, kimejaa. Ameagiza niambiwe hivi tu: "Kahawa kwanza. Jina baadaye."

Kigoma, Jumatatu 6 Januari

Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi, kwa lugha zote mbili, nimeikariri safari nzima.

Saa tatu mvua ikaanza, na mama mmoja akasimama kwenye mlango wa banda, anachuruzika maji, mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Hotuba yote ikanitoka kichwani, lugha zote mbili. Nikavuta mkeka, akakaa. Nikafungua kikapu, nikakisogeza kwa mikono miwili.

Akachukua moja. Akainusa. Akaitafuna, uso ukajikunja.

"Chungu hii!" akasema, na akacheka, na mtoto akachungulia begani kuona mama yake anacheka nini. Akachukua ya pili.

Nilikuwa nasubiri amalize, ndipo nimuulize kama nilivyoagizwa. Akaniwahi.

"Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

Bibi hakuniambia nifanye nini nikiulizwa mimi kwanza. Nilimtajia jina langu, lote, mpaka la ukoo, na banda zima likasikia.